Usimwache Mtoto wa Mbithe Aite Mara Tatu

Mumbua, binti ya dada yangu,

Mambo ya sweta, ya kutolala na simu chini ya mto, na ya kupiga ukifika, Anti yako Nduku amekuambia tangu Jumatatu na ataendelea mpaka gari liondoke. Mimi hayo siyawezi. Ninakuandikia kwa sababu jana mezani tuliongea kama watu wanaogombania mpaka wa shamba, ukaacha muthokoi kwenye sahani ukaingia chumbani, na leo kutwa nzima umenisalimia kama mtu anayemsalimia chifu. Sasa uko nyuma ya nyumba unaanua nguo zako za safari. Nakuona dirishani. Nikitoka huko tutaanza tena, mimi nipaze sauti, wewe upaze, na Nduku atufukuze sote wawili. Afadhali karatasi. Karatasi huwezi kuikatiza.

Nilisema skripti yako ni takataka. Sifuti. Lakini nilikuwa nazungumza juu ya ukurasa wa mwisho, na wewe uliondoka kabla sijafika kwa kurasa zingine, kwa sababu umerithi miguu ya mama yako. Ndinda naye alikuwa akikasirika miguu inatangulia, masikio yanabaki nyuma.

Basi sikia sasa, kwa vile umekaa.

Kesho unaenda Nairobi kuandikia watu wanaotengeneza "Aliyeita Mara Moja" kwa mara ya tatu. Mara ya tatu, Mumbua! Kitabu kimoja, kizuri kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa juu ya nchi hii yetu, kimechinjwa na sinema, kikachinjwa tena na televisheni, na sasa wamekuita wewe uwashikie miguu wakikichinja upya. Najua ni kazi yako ya kwanza tangu utoke chuo. Najua umeisubiri mpaka ukaanza kunisaidia dukani kupangusa vumbi kwenye redio za watu waliokwisha kuzisahau. Sijasema usiende. Jana nilisema vitu vingi, lakini hicho sikusema.

Watu wanapenda kukumbusha kwamba mimi niliishia darasa la sita. Ni kweli, na darasa la sita lenyewe lilibaki likinililia. Lakini nitajie mtu mmoja, kutoka hapa Muthetheni mpaka Kithimani, aliyeona sinema nyingi kunishinda. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki vizuri lile banda langu la vidio. Nilikuwa nasimama kando ya televisheni na fimbo yangu, Mchina akifungua mdomo mimi ndiye ninayesema, kwa Kikamba safi. Sinema ikiwa mbovu naibadilishia hadithi yote. Kuna moja nilimfanya adui awe mkwe, na watu wazima wakatoka wakifuta machozi. Siku nyingine umeme ulipotea vita vikiwa katikati. Sikunyamaza. Nilisimulia kwenye giza mpaka mwisho, hakuna hata mmoja aliyetoka, na umeme uliporudi tukakuta mimi nimeimaliza vizuri kuliko wao. Wale Wasomali wanaokuja kununua mbuzi siku ya soko walikuwa wanaegesha lori karibu na ukuta ili wasikilize wakipakia. Kuna beberu mmoja alikataa kupanda mpaka amjue muuaji. Waulize.

Kwa hivyo mtu wa Nairobi akiniambia "mzee, wewe hujui watazamaji," mimi ninacheka mpaka mbavu ziombe msamaha. Mimi nimewaona watazamaji usoni. Yeye amewaona kwenye karatasi.

Kitabu chenyewe kililetwa hapa na mama yako. Alikinunua Machakos mjini, kwa wale wanaotandaza vitabu vikuukuu chini karibu na soko, kikiwa hakina jalada, kimefungwa kwa uzi wa gunia. Wakati huo alikuwa anafundisha watoto wa chekechea, na jioni akitoka anapitia dukani kwangu kungoja jua lipoe. Mimi nasoma, usinielewe vibaya. Nasoma gazeti, nasoma Biblia, nasoma yale maandishi madogo mgongoni mwa redio ambayo hata mwenye kuyaandika hayasomi. Lakini kitabu kinene kinanilaza. Basi akawa ananisomea yeye, mimi nikitengeneza vitu vya watu. Wewe uko mapajani mwake au umefungwa mgongoni. Ndivyo nilivyokisoma, kwa mdomo wa Ndinda, na mpaka leo sijui kukisoma kwa njia nyingine. Yule Mbithe wa kwenye kitabu kwangu anaongea na sauti ya mama yako.

Unajua hadithi, lakini acha niiseme, nijue kama unaikumbuka au unakumbuka ile ya bosi wako.

Mbithe mume wake ni dereva wa lori. Anafia barabarani. Wanamzika vizuri, hakuna ugomvi, hakuna urithi, hakuna mtu mbaya. Halafu jioni moja Mbithe anasugua sufuria, na nje ya mlango anaitwa. "Mbithe." Mara moja. Sauti ni ya mume wake, ile ya kawaida, ya mtu aliyerudi na njaa.

Basi. Hakuna kingine kinachotokea kwenye sura hiyo. Anabaki ameshika sufuria, anangoja kuitwa tena, na haitwi.

Hapa kwetu hata mtoto anajua. Ukiwa ndani, ukaitwa, na humwoni anayekuita, hujibu. Unanyamaza. Aliye hai asipojibiwa ataita tena. Aimu, wale waliotangulia, wanaita mara moja tu. Ndiyo sababu mtu wa kwetu akisimama kwenye ua wako anaita jina mara mbili bila kufikiri. "Nduku! Nduku!" Hana haraka yoyote. Ni adabu. Anakuambia niko hai, toka tuongee. Sasa mwandishi wa kile kitabu alichukua adabu hiyo, akaiacha ilivyo, hakuongeza moshi wala fuvu, na ikakataza watu wazima kwenda chooni usiku. Mama yako akifika pale pa sufuria alikuwa ananyamaza kabisa, kitabu mkononi, mpaka chuma changu cha kulehemu redio kinanichoma kidole nisihisi.

Halafu inakuwa mbaya zaidi. Mama muuza nyanya sokoni anamwita Mbithe mara moja. Pasta anamwita mara moja. Watu anaowajua, wanaocheka, wanaokula, wanaita mara moja na kungoja ajibu. Mbithe hajui tena nani yuko hai. Na mwisho kabisa ni mtoto wake wa mwisho, Kioko, ambaye amelala na homa chumba cha ndani. Mbithe yuko mlangoni, taa mkononi. Na kutoka ndani anasikia: "Mama."

Mara moja. Kitabu kimekwisha.

Mimi nilimnyang'anya mama yako kile kitabu nikatafuta kama kuna mjinga amechana ukurasa.

Sasa, sinema ya kwanza. Hii Nduku ameisimulia vibaya kwa kila mgeni aliyewahi kukanyaga nyumba hii, na jana wewe pia ukanirushia usoni. Acha niisimulie mwenyewe.

Walikuja na magari meupe, wakapiga picha upande wa Mwala. Dairekta alikuwa kijana wa Syokimau, nywele zimesimama kama ameona bei ya unga. Akataka mtu wa hapa wa kuwa mganga. Nikamwambia, "Kijana, kwenye kitabu hakuna mganga." Akasema, "Mzae, kwa muvi yuko." Nikamwambia mimi niko na sauti ambayo ikipazwa Muthetheni inasikika Wamunyu. Nikachukuliwa hapo hapo. Na kwa sababu nilikuwa nakijua kitabu kuliko wote waliokuwepo, nikamwendea tena nikamweleza mambo ya kuita. Nikamwambia maiti huita mara moja. Alinisikiliza vizuri tu, soda mkononi. Akasema, "Hiyo haitabamba, haitavuta watu. Mtu wa Mombasa atajuaje? Tunaweka mara tatu, na mwangwi."

Nikasema sawa.

Nikavaa manyoya. Manyoya ya kuku, Mumbua, yamegundishwa kwenye gunia. Ndevu za mkonge. Fuvu la mbuzi kichwani, na mbuzi mwenyewe hakuwa amekufa zamani. Mganga gani huyo? Waganga ninaowajua mimi wanavaa sweta na koti, wana simu mbili, na ukienda kwao unakuta wanatazama taarifa ya habari. Lakini hao ndio Wakamba wanaotakiwa Nairobi. Mkamba kwenye televisheni yao ana kazi mbili: kulinda geti, au kumroga mwenye geti.

Ile sinema ilipotoka nikaionyesha kwenye banda langu, ningekataaje? Watu walijaa mpaka mabati yakawa yanainuka wakipumua. Ikafika pale pa sufuria. Mbithe wao amepaka rangi ya mdomo, anasugua sufuria mpya ya dukani. Radi inapiga, na ni Januari, kiangazi kikavu. Halafu maiti inalia, "Mbithe! Mbithe! Mbitheeee!"

Susu Kalondu, yule ajuza aliyekuwa anakaa mstari wa mbele na kyondo chake, akasimama. Akasema, "Aiya! Huyo si maiti. Huyo ni makanga, anajaza gari!"

Banda lilianguka. Sisemi watu walicheka, nasema walianguka. Kuanzia hapo kila maiti ikiita, wao wanajibu kama makanga anayeita abiria, "Tao! Tao! Mbao!" Na nilipotokea mimi na manyoya yangu, kuna mtu aliwika kama jogoo. Mpaka leo kuna wazee kwenye soko hili wananiita Mganga wa Kuku, unawajua.

Mama yako alikuwa amesimama nyuma, hakucheka. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniuliza, "Uliwaambia?"

Nikamwambia, "Niliwaambia."

"Ukawaambia, wakakataa, ukafanya nini?"

"Nikavaa manyoya."

"Kwa hivyo ulisema mara moja tu. Kama maiti."

Alikuwa na mdomo, dada yangu. Kile kilichoniuma si manyoya. Manyoya hata askofu anaweza kuvaa akilipwa. Kilichoniuma ni kwamba mtu mmoja tu kwenye uwanja ule alijua kitu, na mtu huyo ni mimi, na nikakubali kunyamazishwa na kijana mwenye soda. Sikubishana hata kidogo. Mimi, ambaye nimewahi kubishana na daktari wa meno akiwa ameingiza mkono mdomoni mwangu.

Ile ya pili, ya televisheni, tuliitazama pamoja wewe na mimi, mama yako akiwa amekwisha kututoka. Nakukumbuka kwenye lile kochi jekundu na sare yako ya shule. Mbithe akawa Michelle. Lori likawa gari la kifahari, nyumba ikawa na bwawa la kuogelea. Maiti ikawa inapiga simu! Inapiga simu, inakata, inapiga, inakata, kama mtu asiye na salio. Na mwishoni ikaonekana kumbe hakuna maiti, ni shemeji amevaa kinyago anataka ploti. Wewe ndiye uliyevua ndara ukairusha kwenye kioo. Televisheni ya mteja, Mumbua, nilikuwa nimemaliza kuitengeneza siku hiyo. Sikukukemea. Nilivua yangu pia. Siku hiyo nilijua huyu mtoto ana akili, huyu ataandika.

Ndiyo sababu juzi uliponipa skripti nisome niliketi vizuri, nikavaa miwani, nikamwambia Nduku asiniongeleshe. Na ndiyo sababu nilipofika ukurasa wa mwisho nilitaka kuvua ndara.

"KIOKO: Mama! Mama! Mama!" Halafu Mbithe anacheka, anakimbia, anamkumbatia, jua linachomoza. Jua! Na pembeni bosi wako ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba watazamaji wanataka kupumua.

Wapumue nje. Kuna hewa ya kutosha.

Nilikuuliza jana kwa nini ulikubali. Ukasema, "Anko, ndiyo kazi yangu ya kwanza. Nikianza na ubishi watatafuta mwingine, na huyo mwingine ataweka hata mara kumi." Nikakuambia hiyo ni sababu ya mwoga. Ukasema, "Na wewe je, uliyevaa manyoya?" Hapo ndipo nilipogonga meza, na muthokoi ukapoa.

Sasa nikueleze kitu ambacho sijakueleza. Sikukieleza kwa sababu nikianza kumwongelea mama yako nahitaji kuwa na kitu cha kutengeneza mikononi, na leo duka nimefunga.

Jioni ile tulipomaliza kitabu, nikatafuta ukurasa uliochanwa nikakosa, nilisema Mbithe asiitike. Wazi kabisa. Ameita mara moja, basi si Kioko, au ni Kioko aliyekwisha kufa. Ukiitika umekwenda. Asimame pale pale na taa yake mpaka kuche. Nilisema kama mtu anayetoa hukumu, unanijua.

Wewe ulikuwa mapajani mwake na malaria, umelowa jasho, hata kulia umeacha. Mama yako alikuwa anakupepea na kile kitabu. Akasema, "Kimeu, wewe ni mjinga."

Nikasema, "Mjinga ni Mbithe akiitika."

Akasema, "Mtoto akiita, wewe unaanza kuhesabu? Angekuwa ameita mara tatu, hata jirani angekwenda. Kumwitikia mtoto unayejua ni mzima, hiyo ni kazi gani? Huyu ameita mara moja. Hapo ndipo anapohitaji mama."

"Na kama amekufa?"

"Kama amekufa anamwita nani mwingine?"

Halafu akafunga kitabu, akaendelea kukupepea. Mimi nilikuwa na jibu la kila Mchina aliyewahi kupigana kwenye lile banda langu. Hapo nilijifanya natafuta skrubu chini ya meza.

Unaona sasa kwa nini niligonga meza? Hujaharibu mila tu. Ukimwacha yule mtoto aite mara tatu, umemwondolea Mbithe kazi yake. Anabaki mwanamke anayekimbilia mtoto mzima, na wanawake hao wako kila geti la shule saa tisa na nusu. Yule Mbithe aliyeshika taa, ambaye anajua kabisa hesabu inasema nini, na mguu wake umeanza kuinuka, yule ndiye ambaye mama yako alimpenda. Bosi wako hamjui. Hajawahi kukutana naye. Wewe ndiye unayemjua, hata kama hukumbuki ulimjulia wapi.

Na sasa zile kurasa zingine, ambazo hukungoja nizifikie.

Ile sehemu uliyoongeza wewe, haimo kwenye kitabu: mama mkwe ameketi anachambua mbaazi kwenye ungo, anamwita Mbithe mara moja, halafu anaendelea kuchambua, na hajui mwenyewe alichofanya, na Mbithe anaangalia vile vidole vinavyofanya kazi na hawezi kuamua. Niliisoma juzi asubuhi kabla ya kwenda dukani. Nikafika katikati ya soko, nikasikia nyuma yangu, "Kimeu!" Mumbua, sikugeuka. Mimi niliyetembea usiku kutoka Wamunyu nikipiga mluzi, nikafuatwa na fisi mpaka fisi akachoka, nilisimama katikati ya soko kama nguzo ya simu, watu wananizunguka na mikokoteni, nangoja. "Kimeu! Mzee, umekuwa kiziwi?" Alikuwa yule Musa wa boda boda, anataka betri. Nilifurahi kumwona yule kijana mpaka nikamshika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza kama nimeokoka.

Huo ukurasa umeandikwa na wewe. Ule wa mwisho umeandikwa na kalamu nyekundu. Mtu wa darasa la sita anaona tofauti. Bosi wako pia angeona, kama angekuwa na mtu wa kumwonyesha.

Kwa hivyo hiki ndicho nilichotaka kusema jana, badala yake nikagonga meza. Usiende kuwaambia kwamba ni mila. Wakisikia neno mila wataagiza manyoya. Usiwaambie ni heshima kwa kitabu, kwa sababu hawajakisoma, wamesoma muhtasari. Na usiwatajie mimi. Wewe waambie unataka kuwaonyesha mara moja tu jinsi mwisho unavyosikika. Wakae kwenye viti vyao vinavyozunguka. Toka uende nyuma ya mlango, uufunge. Wangojeshe kidogo, mpaka waanze kushika simu zao. Halafu sema "Mama," taratibu, kama mtoto mwenye homa. Halafu nyamaza. Usikohoe. Usicheke. Usiwaokoe. Watakodolea ule mlango, nakuapia, na kuna mmoja atainuka kwenye kiti bila kujua amesimama. Huyo ndiye utakayeongea naye.

Wakisema bado haitabamba, waambie tena. Mimi sikuwaambia tena. Kesho yake pia waambie. Watakuchukia kidogo. Watu wa aina hiyo kuchukiwa nao hakuumizi, ni kama kuumwa na inzi. Kupendwa nao ndiko kunakovalisha mtu fuvu la mbuzi.

Siwezi kukuahidi kwamba watasikia. Ningekuwa nasimulia kwenye banda ningesema walilia wote, wakakupa kiti cha mkubwa, na yule mwenye kalamu nyekundu akaenda kuuza njugu. Hapa sisimulii. Inawezekana wakakufukuza kabla hujajua choo kiko wapi. Inawezekana pia ukachoka, ukasema sawa kama mimi nilivyosema sawa, na Kioko akaita mara tatu na jua likachomoza, na jina lako likaandikwa hapo chini mbele ya nchi nzima. Nimeyafikiria yote mawili tangu nifunge duka, na nimejaribu kuona ni lipi ambalo nikilisikia nitakufungia mlango, kwa sababu jana nilisema nitakufungia. Nduku anasema nilisema. Mimi nakumbuka nilisema hivyo kwa nguvu kabisa.

Sijaliona.

Wakikufukuza, rudi. Kile chumba sitaweka mpangaji, hata kuku sitaweka. Na wakikushinda, ukaandika walichotaka, rudi pia. Nitakutukana tangu unapofungua geti, nitakutukana ukinawa, nitakutukana ukila, majirani watoke nje wasimame kusikiliza. Lakini rudi.

Mjomba wako,
Kimeu